Kata Hizo Salamu

Asubuhi ya Jumatatu alikuwa anapita nje ya ukumbi mkubwa, mkoba begani na chupa ya maji mkononi, akajisikia mwenyewe akifundisha ndani. Sauti ilikuwa yake, hakuna ubishi: ile ya kukaza mwisho wa sentensi na kukohoa kidogo kabla ya jambo la maana. "Sasa nisikilizeni vizuri," ilisema sauti, na yeye huku nje akasimama kusikiliza, maana ukishazoea kutii mwalimu unatii hata kama mwalimu ni wewe. Mlango ulikuwa wazi. Aliwaona wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mamia, wamejaa mpaka kwenye ngazi, na mbele yao kwenye skrini alikuwa yeye, mrefu kuliko mlango, amevaa gauni la kijani ambalo alishamgawia jirani siku nyingi. Baadhi yao walikuwa wanaandika. Wengine walikuwa wamelala, tena usingizi wa haki kabisa, wa kukoroma.

Mtu mwingine angeona aibu, au hasira, au walau angecheka. Yeye hakuhisi kitu. Alitazama saa, akaona amechelewa darasa la masta, akaenda zake.

Chuo kizima kilimwita Mama Mtego, na jina hilo alilipata kwa jasho. Alifundisha takwimu, somo ambalo watoto wengi hufika nalo chuoni wakiwa wameliogopa tangu huko walikotoka, na ili wasimlalie alikuwa na mchezo wake. Kila kipindi aliingiza uongo mmoja. Mmoja tu, lakini mnene, uliovaa suti na tai. Aliusema kwa uso mkavu, akauandika ubaoni, akaupigia mstari, kisha akaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Kazi ya darasa ilikuwa kuukamata. Wakiukamata papo hapo, ukumbi ulilipuka makofi na mkamataji alitembea wiki nzima kifua mbele. Wasipoukamata, waondoke nao, walale nao, wagombane nao bwenini. Kipindi kinachofuata aliingia, akasalimia, akauliza habari za nyumbani, halafu akasema, "Haya, nani kaniletea mwizi wangu?" Loo, kelele zake! Na hapo ndipo somo lenyewe lilipokuwa. Zile dakika za mwanzo, za salamu na mabishano, ndizo zilizofundisha. Zilizobaki zilikuwa maelezo tu.

Waliopita mikononi mwake walikwenda maofisini na mahospitalini wakajulikana kwa tabia moja: hawaamini namba mpaka waipekue mifukoni. Waajiri walikuwa wakipiga simu kuwaulizia kabla hata hawajamaliza. Jina la chuo, kwa miaka mingi, lilibebwa na wabishi wale.

Kisha akaja mkuu mpya wa idara. Jina lake la kuzaliwa limeshasahaulika. Wote wanamwita Tanua, kwa sababu kila kikao alikifungua na kukifunga kwa neno hilo hilo. Tutanue. Vijana walicheka kwa sababu zao. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa mcheshi, mtu wa kukushika bega, anayejua mtoto wako yuko darasa la ngapi na mguu wa mama yako unaendeleaje. Alikuta idara ina masta moja, yenye watu wachache waliojuana kwa majina. Akaanzisha ya jioni, ya jioni ikazaa ya wikiendi, ya wikiendi ikazaa ya haraka, na ya haraka nayo ikapata pacha, ya haraka zaidi. Mabango yakapandishwa getini. Ikawa masta ya hiki na masta ya kile, mpaka wahadhiri wakikutana kwenye korido wanaulizana, "Wewe saa hizi unaingia ipi?"

Na hakuajiriwa mwalimu hata mmoja, sikiliza hapo. Chumba cha kompyuta cha mwaka wa kwanza kilitandikwa zulia, kikawekewa viti vya kuzunguka, kikawa cha watu wa masta. Wahadhiri wazoefu walipandishwa huko juu, na Mama Mtego, kwa kuwa ndiye aliyekuwa anasifiwa, alipandishwa wa kwanza. Ili mwaka wa kwanza wasibaki yatima, aliombwa arekodiwe muhula mmoja. Akakubali. Fundi wa video alikuja na kamera yake, mtu mpole asiyejua takwimu, wala hakuajiriwa azijue. Muhula ulipokwisha alimpelekea Tanua kazi yote. Tanua alikuwa mlangoni anakimbilia kikao. Akasema vipindi ni virefu mno, nani atakaa kuvitazama.

"Hapo mwanzo kuna nini?"

"Salamu, mkuu. Na maongezi maongezi."

"Kata hizo salamu, bwana."

Fundi akakata. Akakata kila kipindi, kwa uangalifu mkubwa, kuanzia pale mwalimu anaposema "Hamjambo" mpaka pale anaposema "Leo tutaangalia". Mama Mtego hakujua. Hakuwahi kuzitazama zile video. Nani anapenda kujitazama akiongea? Na wa kwanza kufundishwa nazo wameshavaa majoho na kupiga picha na wazazi wao.

Yeye akabaki na masta zake, jioni, wikiendi na zile za haraka. Alisimamia tasnifu nyingi kiasi kwamba siku moja alimpongeza mtu kwa sura nzima iliyoandikwa na mwenzake, na yule mtu akashukuru. Ganzi ilimwingia polepole, kama mguu uliokaliwa vibaya, na kwa kuwa haikuuma hakuisemea kwa mtu. Kitu kimoja tu alikiona. Wanafunzi wa masta wa mwaka huu, wengi wao wahitimu wa hapo hapo chuoni, walikuwa watulivu mno. Hawabishi. Ukiwauliza kwa nini wamerudi shule haraka hivyo wanakwambia ofisi zimewaambia digrii ya pale siku hizi haitoshi, lete masta. Akajikuta anawafundisha upya mambo ya mwaka wa kwanza. Alidhani wamechoka tu, kama yeye.

Nyumbani alikuwa na Somo. Huyo ni binti wa marehemu kaka yake, aliyepewa jina la shangazi yake akiwa bado kwenye nepi, na kwa hiyo wawili wale waliitana somo tangu mtoto alipojua kutamka. Kaka alipofariki, Mama Mtego alimchukua, akamlea, akambishia, akamfundisha kumbishia. Mwaka huu Somo alikuwa ameingia chuoni, idara ile ile, kwa sababu moja aliyoitangazia mtaa mzima: anataka kufundishwa na shangazi. Video alizisikia, ila alidhani ni za nyongeza tu. Kafika, kakuta skrini.

"Afadhali," alisema jioni ya siku ya kwanza, akijikaza. "Kule nikichoka nakuzima."

Ijumaa moja darasa la jioni liliahirishwa kwa sababu umeme ulikatika chuoni, Mama Mtego akarudi mapema. Alimkuta Somo mezani jikoni na kompyuta, viazi nusu vimemenywa, nusu vinasubiri, anafanya mazoezi ya mtihani. Akanawa mikono, akavuta kiti, akaanza kumenya.

"Wastani," Somo alijisomea. "Nusu ya watu huwa juu yake, nusu huwa chini yake. Kweli au si kweli? Kweli." Akabonyeza.

"Nini?"

"Nini nini?"

"Hebu rudia hilo."

Akarudia. Mama Mtego akacheka, cheko dogo lililomshtua mwenyewe. "We somo, umenaswa mchana kweupe. Watu kumi wako chumbani. Tisa wana mkate mmoja mmoja. Wa kumi, tumbo lake hilo, ana mikate kumi na mmoja. Wastani wao?"

Somo aliangalia dari. "Miwili."

"Walio chini ya miwili?"

"Tisa..." Akatoa macho. "Tisa! Kumbe nusu kwa nusu ni uongo?"

"Uongo unaotokea kuwa kweli mara moja moja. Ndio mbaya zaidi."

Wakacheka wote wawili. Somo akapiga meza kwa kiganja, akadai kwamba huyo mwenye mikate ni baba mwenye nyumba wao, na kwa muda ule mfupi Mama Mtego alijisikia mtu mzima mwenye damu mwilini. Alikumbuka kwamba hii ndiyo kazi yake, na kwamba aliipenda. Kisha Somo akauliza, "Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema. Kipindi kilichofuata, mwanzoni kabisa."

"Hujasema, shangazi. Vyote nimevitazama, tena vingine mara mbili. Unaanza tu, 'Leo tutaangalia'. Hata salamu hutoi. Wenzangu wanasema shangazi yako ana dharau."

Halafu akarudi kwenye swali, akafuta lile jibu, akaweka 'Si kweli'. Kompyuta ikatoa alama nyekundu: Umekosea. Akajaribu tena. Umekosea.

"Unaona?" alisema Somo. "Majibu yote wameyatoa kwenye video zako, na mtihani unatoka humu humu."

Viazi vikaachwa. Mama Mtego alizitazama video zake moja baada ya nyingine, Somo pembeni yake. Mitego yote ilikuwepo, mizima, imepigiwa mstari. Ukiuliza watu wengi sana, huwezi kukosea. Vitu viwili vikitembea pamoja, kimoja ndicho kilichomleta mwenziwe. Sauti yake ilisema hayo kwa uhakika wote wa mtu anayejua atakuja kukamatwa, na hakuna aliyekuja. Akaanza kuelewa utulivu wa wale wa masta. Walikuwa hawabishi kwa sababu walikuwa wanajua tayari, na walichokijua alikuwa amewapa yeye.

Aliitafuta hofu ndani yake. Ilikuwepo, lakini mbali, kama mtu anayekupungia mkono ng'ambo ya barabara.

"Una nini, somo?" binti alimuuliza.

"Sina kitu," alisema, na hakuwa anadanganya.

Jumatatu iliyofuata alimwendea Tanua ofisini. Alipokelewa kwa mikono miwili, akaulizwa habari za mjukuu ambaye hana, akamsahihisha, wakacheka. Akaeleza. Tanua alisikiliza mpaka mwisho, na cheko likawa linapungua usoni taratibu.

"Ngoja, dada yangu. Yaani wewe, mtu mzima, ulikuwa unaingia darasani kwa makusudi kuwadanganya watoto?"

"Ndiyo. Halafu nawaambia."

"Mambo kama haya huwa yanaandikwa kwenye mtaala."

"Nirudishie mwaka wa kwanza. Muhula mmoja tu."

"Siwezi. Wale wa wikiendi wamejiandikisha kwa ajili yako. Picha yako iko getini."

"Basi badilisha majibu ya mtihani. Ni wiki hii hii."

Tanua akainuka, akafunga mlango. Aliporudi hakukaa kwenye kiti chake, alikaa kile cha pembeni ya mgeni wake. "Fikiria na mimi. Tukisema leo majibu yalikuwa mabaya, wale waliokwisha kuhitimu nayo tunawafanyaje? Kesho mmoja ataamka aulize digrii yake ni ya nini. Keshokutwa gazeti. Na hao hao ndio wanaojaza masta zetu. Jina la chuo, dada yangu. Likichafuka hilo, hakuna sabuni."

"Limeshaanza kuchafuka. Ofisi zinawarudisha."

"Zinawarudisha wapi?" Uso wake ukang'aa. "Si hapa kwetu? Wanarudi, wanaingia masta, wanakukuta wewe mwenyewe, unawanyoosha, wanaondoka wanajua. Mwisho wa yote si wamejua? Niambie nani hapo kadhulumiwa."

Aliyasema kwa nia njema, huo ndio msiba. Mwanamke aliyekula mkate wake kwa kuwafundisha watu kukamata uongo alikaa pale akaupapasa ule uongo, na kila alipougusa ulikuwa na jibu. Waliodhulumiwa ni wale wasiorudi. Waliodhulumiwa ni hao waliorudi. Alitaka kusema hivyo. Alijisikia mdomo mzito, tena mzito wa kuchoka, si wa woga. Tanua akaahidi kipande kifupi cha masahihisho, kitabandikwa mwishoni mwa video.

"Lini?"

"Mtihani ukishapita. Tusiwachanganye watoto."

"Sawa," akasema Mama Mtego, akaenda kufundisha.

Pengine yangeishia hapo. Lakini Jumatano asubuhi Somo alikuwa anafunga viatu mlangoni, akauliza bila kuinua kichwa, "Sasa Ijumaa niandike lipi? La kweli au la kwenye video?"

Swali la kitoto hilo. Nikimwambia la kweli, alifikiri Mama Mtego, namwangusha. Nikimwambia la video, basi nimemfundisha nini tangu siku niliyomchukua? "Tutaongea," akasema. Somo akamtazama. Shangazi hakuwahi kumjibu hivyo.

Saa ya kipindi cha mwaka wa kwanza Mama Mtego aliwaacha watu wa masta na kazi ya kusoma, akashuka mpaka ukumbi mkubwa, akapita katikati ya wanafunzi mpaka mbele, akatafuta swichi, akajizima.

Minong'ono ikapita. "Ni yeye." "Ndiye huyu?" "Mbona mfupi?"

"Hamjambo?" akasema.

Zikajibu sauti chache, za mashaka: "Hatujambo."

"Habari za nyumbani?"

Wakatazamana. Mmoja akasema nzuri, kwa niaba ya wote. Akawaambia juu ya mtego, akawaambia juu ya salamu zilizokatwa, akachora watu kumi na mikate yao ubaoni. Alipomaliza alirudi nyuma hatua chache, kama zamani, akawasubiri wamrukie.

Mmoja mrefu wa kwenye ngazi akanyoosha mkono, na moyo wa Mama Mtego ukapiga, akausikia.

"Mwalimu, hii itatoka kwenye mtihani?"

"Haitatoka. Mtihani una jibu la video."

"Kwa hiyo tuandike lipi?"

"Ninyi mnaonaje?"

Miaka ile, maneno hayo yangetosha kuung'oa ukumbi. Sasa waliinamisha vichwa na kusubiri aseme. Mwishowe msichana wa mstari wa mbele akasimama, kwa adabu zote, mikono nyuma.

"Mwalimu, tunashukuru sana kwa kuja. Ila mtihani ni keshokutwa, na kuna vipindi bado hatujamaliza. Tulikuwa tunaomba uturudishie video."

"Tafadhali," akaongeza mwingine, na wengine wakapiga makofi kidogo, ya kumsaidia aondoke vizuri. Hawakuwa watoto wabaya. Walikuwa na mtihani.

Alimtafuta Somo kwa macho, akampata mstari wa tatu, uso umezama kwenye daftari, kama mtoto ambaye mzazi wake kaja shuleni na kandambili. Mama Mtego akaigeukia swichi. Ilimsumbua, yule mrefu akashuka ngazi akamwonyesha. "Hii hapa, mwalimu."

Ijumaa jioni matokeo yalitoka hapo hapo, maana mashine haichoki kusahihisha. Somo aliingia mbio, viatu mkononi.

"Yote, shangazi! Nimepata yote!"

"Yote?"

Somo akapunguza mwendo. Akaja kukaa kwenye kochi, ubavuni kwake, akamlalia bega kama alivyokuwa anafanya akiwa mdogo. "Hata lile la mikate. Niliandika la kwenye video. Umekasirika?"

"Sijakasirika."

"Kasirika basi kidogo."

Mama Mtego alijaribu, kwa ajili ya mtoto. Alitaka kugomba, kupandisha sauti, kusema wewe, damu yangu, jina langu, unajua kabisa na bado. Hakukuwa na kitu cha kupandisha.

Somo akashika mkono wake, akawa anauchezea vidole. "Mimi najua la kweli, usijali. Mengine ambayo sijui nitayasoma nikifika masta. Huko ndiko mnakofundisha yenyewe, si ndiyo, somo?"

"Ndiyo."

"Sasa kati ya zile zote, nikimaliza niombe ipi?"

Mama Mtego akafikiri, kwa makini kabisa, kama anavyofikiri mtu anayemtakia mwenziwe mema.

"Ya wikiendi," akamwambia. "Hiyo nafundisha mimi mwenyewe."